Mwandishi Asiyechoka

Kijana aliyekuja kuniuzia mfumo wa mauzo aliniuliza, "Mama yangu, unataka ukufanyie nini hasa?" Nikamjibu kwamba nataka ufuate aya tisa. Akacheka, akidhani namtania. Aya zenyewe zimo katika Suratul Baqara, kuanzia ya 275 hadi ya 283. Mimi nauza mchele, sukari, mafuta na sabuni katika moja ya zile barabara za namba hapa Ngamiani, Tanga, na sijapata kuona maelezo ya kazi ya duka yaliyopangika kuliko hayo.

Zinaanza kwa kuharamisha riba. Zinafika kwa mdaiwa aliyekwama: apewe muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Zinakumbusha siku ambayo kila nafsi italipwa ilichokichuma. Kisha inakuja aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qurani nzima, nayo haizungumzii pepo wala moto. Inazungumzia kuandika deni. Mwandishi awepo na aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye atamke, mashahidi wawepo, deni liwe dogo au kubwa lisiachwe kwa uvivu, na asidhuriwe mwandishi wala shahidi. Ya 283 inamalizia na watu walio safarini wasiopata mwandishi. Nimezisoma kurasa hizo katika tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, ile iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, tangu enzi ambazo madeni ya duka yalikaa kwenye kaunta buku chini ya mizani.

Sasa mwandishi ni mashine. Haichoki, haisahau, haiandiki saba ikasomeka moja. Lakini aya haikuridhika na mwandishi hodari. Imetaka mwadilifu, na uadilifu ni sifa ya mwenye kumcha Mungu. Kishikwambi hakimchi mtu. Basi kazi ya mwandishi ikikabidhiwa chombo kisicho na moyo, lile sharti la uadilifu linamwangukia nani? Jibu langu ni kwamba linamwangukia anayekichagua na kukipanga, yaani mwenye duka. Kwa hiyo kununua mfumo wa mauzo ni jambo la dini kabla halijawa jambo la bei.

Tuanze na riba. Mfumo mmoja nilioonyeshwa ulikuwa na ukurasa wa wadaiwa, na ndani yake kisanduku kimeshatiwa alama ya vema na waliouunda: mteja akipitisha siku thelathini, aongezewe asilimia fulani juu ya deni. Aliyeuunda yuko nchi nyingine, na kwao faini ya kuchelewa ni desturi ya biashara. Muuzaji hakukiona kile kisanduku. Mimi ningelipia, nikaanza kuuza. Baada ya miezi kadhaa mama mmoja muuza vitumbua anayekopa kwangu angedaiwa zaidi ya alichochukua, na sisi watatu, muundaji, muuzaji na mimi, kila mmoja angeweza kuapa kwamba hakumtoza mtu riba, na kila mmoja angekuwa anasema kweli kwa namna yake.

Hili ni jambo geni kwetu. Zamani dhuluma ilikuwa na mkono wake: mtu alikoroga vipimo, ukamshika mkono. Siku hizi dhuluma inaweza kutendeka bila mtu kuinuia, kwa sababu tu hakuna aliyefungua ukurasa wa mipangilio. Amali huhesabiwa kwa nia, tumefundishwa hivyo tangu chuoni, na wapo watakaojifunika kwa hadithi hiyo. Mimi sioni kama inawafunika. Asiyejua ana udhuru mpaka pale alipoweza kujua akapuuza. Kila kisanduku kilichotiwa alama kabla hujafika ni rai ya mtu mwingine kuhusu jinsi ya kuishi na wateja wako. Vifungue vyote, uvisome kimoja kimoja, ndipo uuze.

Baada ya riba ni muhula na msamaha, na hapo ndipo mifumo mingi niliyoijaribu ilipokwama. Huyo mama muuza vitumbua huchukua mchele, sukari, hamira na mafuta kwa mkopo, akalipa akishauza. Wiki ya masika, mvua ikinyesha tangu alfajiri, watu hawatoki na vitumbua vinalala. Deni lilifika Sh 18,500, nami nikaamua kumsamehe. Nikamwambia yule kijana anionyeshe jinsi ya kuandika hivyo. Akabofya huku, akabofya kule, mwisho akasema, "Rahisi tu, Mama. Andika kwamba amelipa taslimu."

Fuata hiyo hesabu mpaka mwisho uone inakokwenda. Nikiandika amelipa taslimu, jioni mfumo utatarajia Sh 18,500 ambazo hazimo kwenye droo. Anayefunga hesabu jioni ni mpwa wangu. Mimi nimesamehe, yeye ameonekana mwizi. Kijana akatoa njia ya pili: andika kwamba bidhaa zimerudishwa. Sawa, droo itapona, lakini stoo sasa ina mchele na sukari ambavyo vilishaliwa barabara ya tatu kutoka hapa, na siku ya kuhesabu mali mzigo hewa huo utadaiwa, tena kwa mpwa yuleyule. Njia ya tatu ni kufuta mauzo yenyewe, kana kwamba mama yule hakufika dukani siku hiyo. Huo ni uongo wa wazi, na mfumo unaoruhusu mauzo yafutike bila kuacha alama utamruhusu hata mwizi wa kweli.

Wahasibu walishalitatua jambo hili kwenye karatasi zamani sana. Deni lililofutwa lina mstari wake: kiasi, tarehe, aliyeidhinisha, sababu. Mfumo mzuri unao mstari huo, na mwenye duka peke yake ndiye mwenye neno la siri la kuufungua. Naliona hili kuwa zaidi ya mbinu ya uhasibu. Rehema ikihitaji uongo ili iingie kitabuni, uongo huo utamfikia mtu mwingine ukiwa dhuluma. Anayetaka kusamehe sawasawa sharti aweze kuandika kwamba amesamehe.

Kuna na jambo la sitara. Siku ya majaribio tuliandika jina la mteja mmoja, skrini iliyoelekea upande wa wanunuzi ikawaka deni lake kwa tarakimu nyekundu kubwa. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu wa mtaa mmoja. Hakuna aliyesema kitu, na kila mtu alisoma. Kijana akaniambia kwa fahari kwamba hiyo husaidia wateja walipe haraka. Sina shaka inasaidia. Hata kumvua mtu kanzu hadharani kungesaidia.

Hata hivyo sipendi kitabu kifichwe kabisa, na hapa aya ya 282 imenifunza kitu ambacho kipeperushi cha biashara hakikunifunza. Imeagiza anayedaiwa ndiye atamke maneno ya kuandikwa, na akiwa hawezi, msimamizi wake atamke kwa niaba yake. Tazama hekima iliyomo. Mwenye kudai tayari ana nguvu ya mali. Basi maneno ya hati akapewa yule mnyonge. Enzi za kaunta buku jambo hilo lilitendeka bila sisi kujua kwamba tunatekeleza aya. Mteja aliinama juu ya kaunta, akafuata kalamu kwa macho, akasema, "Bibi, hapo umeniandikia mbili, mimi nimechukua moja." Skrini imemwondolea mteja nafasi hiyo. Deni lake limehamia upande wangu wa kaunta, nami naweza kumtajia jumla yoyote, naye atakubali kwa kuwa kompyuta imesema.

Kanuni niliyoitoa humo ni fupi: kila mteja auone ukurasa wake, na asiuone wa mwenzake. Kwa lugha ya duka, mfumo utume ujumbe kwa simu yake kila anapokopa na kila anapopunguza, au utoe kikaratasi kwa asiye na simu, na skrini ya upande wa wanunuzi ionyeshe bidhaa za leo tu. Serikali nayo imelisogelea jambo hili kwa mlango wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina na namba za wadaiwa wangu ni taarifa za watu, na muuzaji wa mfumo anapaswa kunijibu zinahifadhiwa wapi, nani anazisoma, na nikiacha kulipia nitazitoaje. Asiyeweza kujibu hilo hajaja kuniuzia mfumo. Amekuja kuchukua kaunta buku langu.

Sasa nije kwa wazee wenzangu. Wapo wanaoniambia kwamba kuandika kila kitu ni kukosa imani kwa watu, na kwamba mashine ya kuhesabia pesa ni mashine ya kumshuku mtoto wa nduguyo. Hoja yao ina mizizi ya kweli. Mashine ya kwanza ya aina hii ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye kilabu cha pombe katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, aliyechoka na wafanyakazi waliotia mauzo mifukoni. Wazo alilipata melini akielekea Ulaya, alipoona chombo kinachohesabu mizunguko ya rafadha. Alikiita chombo chake kwa jina lenye maana ya keshia asiyehongeka. Mwaka 1884 John Patterson aliinunua biashara hiyo, ikawa kampuni ya NCR, na karibu karne moja baadaye, tarehe 26 Juni 1974, mfumo wa kampuni hiyohiyo ndio uliotumika kusoma bakodi ya kwanza dukani, juu ya pakiti ya chingamu, katika mji wa Troy, jirani na Dayton. Ukoo wote wa mashine hizi umetokana na mtu mmoja kuwashuku watu wake.

Lakini wazee wanasahau aya inaanza kwa kuwaita nani. Inawaita walioamini. Waumini kwa waumini, wanaosali safu moja, ndio walioamrishwa waandikiane, na sababu imetajwa humohumo: ili shaka isiwepo baina yao. Kwa hiyo kuandika hakuvunji imani. Kunailinda na usahaulifu. Ritty aliandika kwa sababu ya shaka aliyokuwa nayo tayari, na aya inaandikisha ili shaka isizaliwe. Kifaa kinaweza kuwa kilekile. Kinachobadilika ni swali unalokiuliza jioni: unakiuliza nani ameiba, au unakiuliza nini kimetokea?

Tofauti hiyo niliiona kwenye mfuko wa sukari. Mfuko wa kilo 50 ukiuingiza kwenye mfumo, utakwambia una robo 200. Mfumo haujawahi kupima sukari. Mpimaji mwenye khofu ya Mungu hasimamishi mshale kwenye robo kamili akabana. Huachia mkono kidogo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwagiza mpimaji sokoni apime na azidishe. Tuseme mpwa wangu anazidisha gramu tano tu kwa kila robo, punje ambazo mtoto aliyetumwa dukani hulamba njiani. Mfuko utaisha kwenye robo 196, na mfumo utaandika kwa rangi nyekundu: upungufu, kilo moja. Ukweli ni kwamba duka halikuibiwa. Limetekeleza sunna, na ripoti inasoma kama wizi.

Jirani yangu Mangi, Mlutheri, ambaye duka lake linaangaliana na langu, aliposikia hayo alinikumbusha kwamba hata Methali katika Biblia yake, mwanzo kabisa wa sura ya 11, zinaikemea mizani ya hila. Halafu akaniambia, "Bi Mkubwa, wewe unatafuta malaika. Nunua mfumo tu." Namheshimu Mangi kwa hesabu zake, lakini hapa sikubaliani naye. Malaika sikuomba. Nilichoomba ni mahali pa kuandika kwamba katika bidhaa za kupima, kiasi fulani kinaruhusiwa kupungua, na kwamba kikipita hapo ndipo niulize. Mifumo iliyoundwa kwa ajili ya maduka ya vitu vilivyofungwa tayari, kila kimoja na bakodi yake, haina mahali hapo. Haijui mafuta ya mia tano, haijui kipande cha mche wa sabuni, haijui sigara moja. Ukiinunua utamlazimisha muuzaji wako wa dukani achague kati ya kumpunja mteja na kuonekana mwizi kwako, na kijana mwenye kutaka kazi yake atampunja mteja. Kwa njia hiyo mwenye duka anayeswali tano anaweza kuwafundisha watoto wa watu kupunguza vipimo, jambo lililofunguliwa kwa ole katika Suratul Mutaffifin, na asijue kwamba somo limetoka kwake.

Aya ilipoagiza mwandishi na shahidi wasidhuriwe, naielewa hivi katika duka: anayebonyeza asibebe lawama ya asichokifanya. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri, ili kosa la wa jioni lisimwangukie wa asubuhi. Alama za nani alifanya nini zisifutike, hata na mimi. Mpwa wangu alinisikia nikiulizia hilo, akasema, "Shangazi, hata wewe?" Hata mimi. Mwenye duka anayeweza kurekebisha jana kimyakimya hana shahidi. Ana kioo kinachomwambia anachotaka.

Je, kijana aliyezungukwa na kumbukumbu asizoweza kuzifuta ni mwaminifu, au ameshindwa tu kuiba? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu. Mashine haiwezi kumpa mtu uaminifu, na haiwezi kumnyang'anya. Kaunta bado imejaa nafasi ambazo mashine haizioni: mkono kwenye mizani, chenji ya mtoto asiyejua kuhesabu, mchele wenye vumbi unaochanganywa na msafi. Huko ndiko mtu anakoabudu kana kwamba anamwona Mola wake, au anakoshindwa kufanya hivyo. Mfumo unapunguza tu uwanja wa tuhuma, na katika duka la familia tuhuma huharibu zaidi ya wizi wenyewe.

Mauzo ya taslimu aya imeyapunguzia mzigo: si dhambi kutoyaandika, ila wekeni mashahidi mnapouziana. Sheria ya nchi haikuyapunguzia. Mashine za EFD, za kutolea risiti za kielektroniki, zilianza mwaka 2010, na risiti ya TRA, mamlaka ya mapato, ni wajibu wa muuzaji na haki ya mnunuzi. Nami sioni mgongano, kwa kuwa risiti ni shahidi. La kuuliza ni kama mfumo unaunganishwa na utoaji wa risiti za TRA, au itakubidi uandike mara mbili, kwenye mfumo na kwenye mashine. Kuandika mara mbili ndiko kunakomfundisha mtu kuandika mara moja.

Imebaki aya ya 283, ya wasafiri waliokosa mwandishi. Mimi sisafiri, lakini umeme ukikatika na bando likaisha, mwandishi wangu ameniacha jangwani. Mfumo unaofanya kazi bila intaneti na kutuma kumbukumbu baadaye ni wa lazima hapa kwetu, usikubali mwingine. Hata huo, betri ikizima, utakoma. Aya imetaja rehani, kisha ikasema kwamba mkiaminiana, aliyeaminiwa arudishe amana na amche Mungu. Yaani baada ya maagizo yote ya kalamu na mashahidi, mwisho wa ukurasa kuna watu wawili na amana kati yao. Duka ambalo mashine ikizimika haliwezi kuuza kibiriti kwa jirani mpaka intaneti irudi limepoteza kitu kikubwa kuliko mauzo ya saa mbili.

Nimechagua mfumo usio na grafu za rangi. Unapima kwa robo na kwa shilingi, unaruhusu upungufu wa mizani, una mstari wa msamaha, hauongezi kitu juu ya deni, na unanipa kumbukumbu zangu zote kwenye faili nikizitaka. Ulikuwa ghali kuliko ule wa tarakimu nyekundu, nami nimelipa.

Wewe unayekwenda kununua, usianze na bei. Mkalishe muuzaji, mpe jina la mteja mmoja na deni lake, umwambie alisamehe mbele yako bila kusema uongo hata mmoja, kisha akuonyeshe jioni droo na stoo zitasomaje. Akiweza, zungumzeni bei. Asipoweza, mpe chai, umshukuru, ungojee mwingine.